Mkanda wa Saa ya Mtukufu

Haya wasomaji wangu, wekeni chai yenu pembeni ipoe kidogo, niwape habari za Ndororo. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ndororo iko mbali sana, watu wake hawafanani na sisi hata chembe, na serikali yake haina undugu na serikali yoyote mnayoijua. Nalisema hili mapema ili tusije tukakosana.

Nchi hiyo ina desturi moja ambayo wenyewe wanajivunia mno. Serikali yao haiamui mambo mawili kwa wakati mmoja. Kila jambo huandikwa kwenye Daftari Kuu la Mashauri, hupewa namba yake, na shauri la nyuma halifunguliwi mpaka la mbele lifungwe, ligongwe muhuri na kupigiwa makofi. Waasisi waliona mataifa mengine yanavyokimbia na kujikwaa, wakaapa kwamba Ndororo itakwenda taratibu, mguu mmoja kwa wakati. Hakuna aliyewauliza mtu hutembeaje kwa mguu mmoja.

Sasa mwaka ninaousimulia, Shauri namba 411 lilikuwa barua. Ilitoka kwa watengenezaji wa saa wa nchi ya milima ya theluji, wale ambao saa zao huvaliwa na watu wanaofika kila mahali wakiwa wamechelewa. Walikuwa wametengeneza saa ya Mtukufu Mlezi wa Taifa, ya kuadhimisha miaka thelathini ya kutuongoza bila kuchoka, yaani kuwaongoza, samahani. Barua iliuliza swali moja la adabu. Mkanda wa chuma wa saa hiyo, ule wa pingili zilizoungana, Mtukufu angependa uwe wa kung'arishwa mpaka umetamete, au upigwe msasa laini uwe na mistari midogo isiyometa? Na waliiambatanisha saa yenyewe, ikiwa imeng'arishwa yote.

Shauri namba 412 lilifika kesho yake asubuhi. Wagonjwa tisa wa figo wa Hospitali Kuu waliomba kontena la vichujio vya mashine ya kusafishia damu liruhusiwe kutoka bandarini. Vichujio vilikuwa msaada, vilikuwa vimeshafika, na kilichokosekana ni sahihi tu. Kontena lenyewe, la rangi ya buluu, lilionekana waziwazi kutoka dirisha la ukumbi wa serikali.

Siku moja. Hiyo ndiyo tofauti ya mashauri haya mawili. Ishikeni.

*

Mmoja wa wale tisa alikuwa Saada, mke wa Fundi Shaweji. Shaweji ni fundi saa, ana kibanda nyuma ya posta, na kwa miaka mingi hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Kila Jumatatu na Alhamisi alifunga kibanda, akampeleka mkewe hospitali, akakaa naye saa nne nzima huku damu yake ikitoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine.

"Sista, vimebaki vingapi?" alimuuliza Sista Leokadia, muuguzi wa wodi hiyo, siku ile barua ya wagonjwa ilipopelekwa.

"Vya wiki tatu, fundi. Nikivifua na kuvirudia, labda tano. Na kuvifua hairuhusiwi, kwa hiyo mimi sikukwambia kitu."

"Na hao wa daftari watachukua muda gani?"

"Wana shauri moja tu mbele yetu. La saa."

Saada alicheka pale kitandani. Alikuwa mwanamke wa maneno, na ugonjwa ulikuwa umempunguza mwili ukauacha ulimi. "Saa! Basi tumepona, baba Zawena. Si kazi yako hiyo?"

Na kweli, siku hiyohiyo gari la serikali lilisimama nyuma ya posta. Tume ya Taifa ya Mkanda, yaani serikali nzima iliyoketi kwa shauri hilo, ilihitaji mtaalamu, na mtaalamu wa saa katika Ndororo alikuwa ni yeye peke yake. Shaweji alifurahi, masikini. Alivaa shati lake la Idi.

"Waambie chochote," Saada alimwambia. "Waambie ung'ae. Waambie wautie hina. Mradi wafunge hilo daftari lao."

*

Ukumbi ulikuwa na viti arobaini na vyote vilikuwa na watu. Saa ililazwa katikati ya meza juu ya mto wa mahameli mwekundu, askari mmoja kulia, mwingine kushoto, kana kwamba ingeamka ikimbie. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Profesa Lugendo, mtu mwenye sauti nene ambaye hajawahi kutumia neno moja pale ambapo saba yanaenea.

"Waheshimiwa," alifungua, "leo historia, yaani ile historia tunayoijua kama historia, inatutazama, na sisi kwa upande wetu, kama upande, tunaitazama. Taifa limetukabidhi mkanda. Je, tutauangusha?"

"Hatutauangusha!" ukumbi ukajibu.

Fundi Shaweji alipewa nafasi. Akaeleza kwa lugha rahisi, kama anavyowaeleza wateja wake. Mkanda wa kung'arishwa unapendeza sana, mtu anauona uso wake humo, lakini mkwaruzo mdogo tu unaonekana. Wa kupigwa msasa hauna makeke, hauchomi macho juani, na mikwaruzo haionekani upesi. Hakuna mbaya kati ya hiyo miwili.

Angenyamaza hapo, huenda hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini alikuwa na haraka ya kumwokoa mkewe, akaongeza neno la kuwatia moyo.

"Na wala msijisumbue, waheshimiwa. Chagueni wowote. Mtukufu akiuchoka, unabadilishwa. Ni kazi ya nusu saa na kipande cha msasa."

Profesa Lugendo alivua miwani, akaivaa tena.

"Fundi, unataka kuiambia Tume hii kwamba uamuzi wa Jamhuri unaweza kufutwa na mtu yeyote mwenye kipande cha msasa?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Hata mimi naweza."

"Mmemsikia?" Jenerali Chilumba, aliyewakilisha ulinzi na usalama, alisimama mpaka medali zikalia. "Anakiri! Tunakaa hapa tunaamua, halafu mtu anatupindua kwa nusu saa! Haya ndiyo mapinduzi yenyewe, jamani. Mapinduzi yanaanzia mkononi."

Basi kabla ya kuamua mkanda uweje, ilibidi kwanza Tume iulinde uamuzi ambao haujafanyika. Siku kumi zilikwenda hapo. Ikapitishwa amri ya kukusanya msasa wote nchini na kuuweka kambini chini ya ulinzi. Maseremala walisalimisha karatasi zao huku wameinua mikono. Tangu siku hiyo hakuna kiti wala kitanda kilicholainishwa Ndororo, na watu walianza kwenda kazini wakichechemea kwa vibanzi vilivyowaingia mahali ambapo hapasemeki. Redioni waliambiwa huo ni uzalendo unaohisiwa.

*

Baada ya hapo yakaja maoni ya wananchi, maana Ndororo ni nchi ya demokrasia, na wananchi huulizwa kila kitu isipokuwa wanachokitaka.

Kundi la Mng'ao likasema mkanda ung'ae, ili Mtukufu kila akitazama saa aone kitu kizuri, yaani yeye mwenyewe. Kundi la Msasa likasema mng'ao unaonyesha mikwaruzo. Likaulizwa, kwani Mtukufu ana mikwaruzo? Likajirudi haraka, likasema hana, ndiyo maana msasa unafaa, kwa kuwa unaficha mikwaruzo. Likaulizwa, unaficha mikwaruzo ipi, ile ambayo hana? Viongozi watatu wa kundi hilo walichukuliwa kwa mahojiano na mpaka leo wanaendelea kujibu.

Jenerali Chilumba hakupenda upande wowote. Mkanda unaometa, alisema, utamwonyesha adui mahali alipo Mtukufu. Mtu mmoja akauliza adui gani, maana Ndororo haijapigana na yeyote tangu iumbwe. "Unaona?" Jenerali akajibu. "Amejificha vizuri."

Shaweji alikaa kwenye kiti chake cha utaalamu akihesabu Jumatatu na Alhamisi. Siku moja akanyoosha mkono, akauliza kwa heshima zote, "Mheshimiwa Mwenyekiti, Mtukufu mwenyewe ameulizwa anapenda upi?"

Profesa Lugendo alimtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mgeni aliyeingia na viatu.

"Fundi. Kumuuliza Mtukufu ni kudai kwamba lipo jambo ambalo Mtukufu hajatuambia. Na Mtukufu anatuambia yote. Sasa kama hajatuambia hili, maana yake ametuambia, ila sisi hatujaelewa. Na sisi kukiri kwamba hatujaelewa... Karani, usiandike hiyo."

Kisha Tume ikaona haiwezi kuamua kitu isichokiona kinapozaliwa. Ikasafiri kwenda kwenye milima ya theluji kujifunza. Walikwenda waheshimiwa arobaini pamoja na wake, waume, mashemeji na mwalimu wa kuogelea wa mmoja wao. Fundi Shaweji hakwenda, kwa kuwa ndege ilijaa. Walikaa siku kumi na mbili. Ripoti waliyorudi nayo ilikuwa na kurasa tatu, mbili zikieleza jibini.

Huku wodini kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu. Alikuwa akilala pale Mwalimu Kasiani, mtu wa mafumbo ya gazeti, aliyewaudhi wenzake kwa kusema majibu kwa sauti. Alikufa siku ambayo Tume ilikuwa ikionja jibini la aina ya nne. Kisha akafuata mama mmoja muuza maandazi, na wadada wawili waliokuwa wakisukana nywele mashine zikifanya kazi, na kijana wa kinyozi. Sista Leokadia alikuwa ameanza kuwasafisha mara moja kwa wiki badala ya mbili, kwa vichujio alivyovifua mpaka vikawa na rangi ya chai. Alikuwa akifua usiku na mchana na hakuna mtu aliyemtaja redioni.

"Kinywa changu kinanuka kama mkojo, baba Zawena," Saada alimwambia mumewe. "Usinikaribie."

Akamkaribia. Ilikuwa kweli. Ile sumu ambayo mashine ingeiondoa ilikuwa inampandia, na chakula hakikai tumboni. Fundi alitoka hapo moja kwa moja mpaka ukumbini, akamkuta Jenerali anakula sambusa, anajifuta mafuta ya vidole kwenye pembe ya ule mto wa mahameli, na kupitia dirishani nyuma ya kichwa chake kontena la buluu limetulia juani. Kinyaa kilimshika fundi, kinyaa cha kweli, kile cha kumeza mate yenye chumvi. Nami ninayesimulia kimenishika hivyohivyo, sioni haya kukisema.

*

Akatambua kwamba ukweli ndio uliomponza. Aliwaambia kweli siku ya kwanza, wakala siku kumi. Sasa akaamua kusema lugha yao.

Jinsi alivyokesha akiyapanga maneno yake, sitawachosha nayo. Ilipofika Alhamisi ya wiki ya sita, aliomba nafasi, akasimama, akakohoa kama mheshimiwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa unyenyekevu wa chini kabisa, nimeota mkanda. Una pingili za katikati na pingili za pembeni. Za katikati ziachwe ziking'aa. Za pembeni zote mbili zipigwe msasa. Katikati ni Mtukufu. Pembeni ni sisi wananchi wake. Sisi tunakwaruzwa huku na huku ili yeye ang'ae. Na hatuwezi kuachana, kwa kuwa tumefungwa pini."

Shaweji alitamani ulimi ungemtoka udondoke mezani, autazame, aukanyage.

Kisha Profesa Lugendo akalia. Alilia kwa sauti, miwani mkononi. "Tunakwaruzwa ili yeye ang'ae!" alirudia. "Huyu si fundi, huyu ni taifa!" Ukumbi ulisimama. Mng'ao na Msasa walikumbatiana. Jenerali Chilumba akasema hata kiusalama imekaa vizuri, adui ataona katikati tu.

Kipande cha msasa kililetwa kutoka kambini kwa gari la deraya. Fundi aliziba pingili za katikati kwa utepe, akapiga msasa za pembeni, akielekeza mkono upande mmoja bila kurudi, kama kazi hiyo inavyotaka ili mistari ilale sawa. Ilimchukua dakika ishirini na sita. Wiki sita, waungwana, na dakika ishirini na sita.

Muhuri ukagongwa. Makofi yakapigwa. Karani akafunua ukurasa na kwa sauti yake kavu akasoma, "Shauri namba 412. Waombaji waingie."

*

Kwa kanuni ya Daftari, waombaji lazima wafike wenyewe. Sista Leokadia alikuwa amewaleta kwa gari la hospitali, wakangoja varandani tangu asubuhi. Waliingia watu wanne kwenye viti vya magurudumu, nyuso zimevimba, wa mwisho akiwa Saada na kanga yake mabegani. Mumewe alikimbia akashika kiti. Akamnong'oneza kwa furaha, "Tumefika, mama Zawena. Ni sahihi moja tu."

Karani akaita majina.

"Kasiani Mbunda."

"Amekufa," Sista Leokadia akasema.

"Hakufika," karani akaandika. Akaita la pili, la tatu, la nne, la tano. Sista akajibu yaleyale na karani akaandika yaleyale. Kisha akaita wanne waliobaki, nao wakaitika. Saada alisema "Nipo" kwa sauti iliyofika mpaka nyuma.

Karani akahesabu kwa kalamu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, wamefika wanne kati ya tisa. Kanuni inataka zaidi ya nusu. Watano hawakufika."

"Bila taarifa?" Profesa aliuliza.

"Bila taarifa."

"Mheshimiwa, wamekufa kwa kungoja!" Shaweji alipiga kelele. "Hawa wanne ndio waliobaki! Kontena lile pale, geuza shingo tu ulione!"

"Fundi, usiharibu siku yako," Profesa akamjibu kwa upole. "Serikali haiwezi kuwapenda waombaji kuliko wanavyojipenda wenyewe. Shauri limefungwa kwa kukosa waombaji. Wanaweza kuleta jingine. Karani, tumefika namba ngapi?"

"Mia tano sitini na nane, mheshimiwa."

Muhuri ukagongwa. Hapo mtu mmoja akagundua kwamba ni mara ya kwanza tangu uhuru mashauri mawili kufungwa kwa siku moja. Ukumbi ulilipuka. Waheshimiwa walipigana mabega, mwingine akaanzisha wimbo. Profesa Lugendo, akiwa amejaa mapenzi kwa wananchi, alichukua ule mto wenye saa kwa mikono yake miwili, akashuka nao mpaka kwenye kiti cha Saada. Wapiga picha wakamfuata.

"Mama," alisema, akiinama ili picha itoke vizuri, "nataka wewe, mwananchi wa kawaida, uwe wa kwanza kuuona mkanda huu kwa karibu. Useme kitu."

Saada aliutazama. Katikati palimeta, pembeni palififia, kazi safi, kazi ya mumewe, angeijua popote. Akafungua kinywa aseme, na lililotoka si neno. Alitapika. Yalikuwa maji ya kijani na uchungu wa wiki sita, yakaingia kwenye mahameli, yakapita kati ya pingili moja na nyingine, yakatiririka kwenye mikono ya Profesa mpaka ndani ya mikono ya koti.

Nyimbo zikakatika. Askari wawili walitazamana wasijue wampige nani risasi.

"Ifutwe!" Profesa alifoka, hathubutu kuuachia mto. "Ifutwe upesi!"

"Kwa kitambaa kikavu au kibichi?" Jenerali akauliza. "Kikavu kinaweza kukwaruza ule mng'ao."

"Na kibichi kitaleta kutu kwenye pini," mwingine akasema.

"Nani ameruhusiwa kuigusa?"

Wakageuka wote kumtazama karani, naye karani alikuwa ameshafunua ukurasa mpya, ameshaandika namba, anangoja jina la shauri. Mmoja akashauri dharura hii ipite mbele ya mashauri mengine yote, ikapita bila kupingwa.

Fundi Shaweji alichukua ncha ya kanga, akamfuta mkewe midomo. Aligeuza kiti, akakisukuma kuelekea mlangoni, na hakuna aliyewazuia kwa kuwa wote walikuwa wameuzunguka mto.

"Nimewachafulia?" Saada aliuliza walipofika nje.

"Umewachafulia."

"Nirudishe nyumbani, baba Zawena. Kule ndani kunanuka."

Alifariki Jumapili mchana, kitandani kwake, mumewe amemshika mkono. Tume ilikaa siku hiyo pia ingawa ni ya mapumziko, Profesa akiwa bado ameubeba mto, na kuhusu kitambaa walikuwa hawajaafikiana.